Nusu Sita za Timu ya Taifa

Mama Meno alikuwa na meno yake yote thelathini na mawili, tena imara. Jina lilitokana na kazi: alikuwa fundi wa meno ya bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki, na kilikuwa na dirisha moja, meza ndefu yenye makovu ya moto, na rafu ya vinywa vya jasi vilivyopangwa kama wabunge: vyote wazi, hakuna kinachosema la maana. Shukrani za wagonjwa ziliishia kwa daktari huko mbele. Yeye alibaki na nta ya waridi, kisu kidogo na taa ya spiriti, akichonga ufizi wa mtu ambaye hatamwona maishani.

Kila Jumamosi alasiri alivua koti, akasugua kucha kuondoa jasi, akapanda ngazi za ukumbi uliokuwa juu ya duka la vioo, akaenda kucheza mchezo wa karata uitwao briji na mwanamume aliyetalikiana naye.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti, na watu wote walimwita hivyohivyo, Fundi Lifti. Mchana kutwa alikuwa ndani ya mashimo ya majengo marefu, ameshika spana, kichwa chake ghorofa ya tano na miguu ya nne. "Kazi yangu ni kupanda na kushuka," alipenda kusema. "Ndoa ndiyo ilinishinda, maana ile ilikuwa inashuka tu." Walikaa pamoja miaka kumi na miwili wakaachana kistaarabu, bila kuvunjiana hata sahani. Jumamosi ya kwanza baada ya talaka kila mmoja alikwenda ukumbini akiomba mwenzake asitokee. Wote wakatokea. Wakatazamana, wakakaa, wakacheza. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka tisa.

"Nyinyi wazazi wangu ni vituko," binti yao alikuwa akiwaambia. "Mmeachana, halafu mnaonana kuliko majirani zangu waliooana."

"Pale mezani baba yako hasemi," Mama Meno alimjibu.

"Ndiyo maana mnaelewana?"

"Ndiyo maana."

Na kweli, briji ni mchezo wa kunyamaza. Watu wanne wanaketi mezani, wawili dhidi ya wawili, kila mtu ametazamana na mwenza wake. Huruhusiwi kumwambia mwenza una karata gani. Huruhusiwi kukonyeza, kukohoa wala kuguna. Unachoruhusiwa ni kutoa mwito, yaani kuahidi mtachukua mizunguko mingapi kati ya kumi na mitatu, iitwayo mapigo, au kupita bila kuahidi; mapigo usiyoyaahidi hayana alama kubwa. Na kila mwito una maana ambayo wenza wawili wamekubaliana zamani, wakaiandika, wakaikariri. Wapinzani wakitaka kujua maana yake wana haki ya kuuliza, na ni lazima wajibiwe, maana siri hairuhusiwi. Kwa hiyo wenza wa kweli ni watu waliokaa chini miaka na miaka wakabishana juu ya maana ya kila kitu. Mama Meno na Fundi Lifti walikuwa na kurasa mia na arobaini za makubaliano. Ndoani hawakuwahi kukubaliana hata upande wa kulala.

Mwaka ule walishinda mchujo wa taifa. Waliwapiga wote, siku mbili mfululizo, mpaka wakili mmoja mwenye majivuno akaomba radhi mezani akaenda kunawa uso. Jozi tatu za kwanza ndizo hufanya timu ya watu sita, na timu hiyo ilikuwa iende kwenye mashindano ya kimataifa ng'ambo. Mama Meno alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa ameisubiri safari hiyo tangu ana miaka thelathini. Akiwa peke yake na vinywa vyake vya jasi, aliviambia habari hiyo kwa sauti.

Jumamosi iliyofuata Mwenyekiti wa chama alipanda jukwaani na karatasi.

Mwenyekiti huyo hakuwa akicheza briji. Alikuja kutoka chama cha riadha, baada ya kutoka cha ndondi, baada ya kutoka cha kuogelea ambako hakuwahi kulowa. Alikuwa na suti ya kijivu, na sauti ya mtu anayezindua kisima cha kijiji hata akiomba chumvi.

"Ndugu wanachama," alisema, "Wizara imeunda Kamati ya Uwiano. Kwa miaka mingi timu yetu ya taifa imekuwa timu ya ukumbi huu mmoja. Kanda nyingine zimelalamika. Ni haki yao. Kuanzia leo, kila kanda itatoa mchezaji mmoja. Kanda sita, wachezaji sita. Wanaume watatu, wanawake watatu. Nasoma majina."

La kwanza lilikuwa la Mama Meno.

Alisimama. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama aliamua kusimama, au ni magoti tu yaliyoamua. Alisimama, akaweka mikono kifuani, akasema, "Asanteni, asanteni jamani," watu wakapiga makofi, naye akacheka kama msichana aliyechumbiwa. Majina mengine matano yakasomwa. Fundi Lifti alikuwa ameketi mbele yake akichanganya karata. Jina lake halikusomwa. Alimaliza kuchanganya, akaziweka mezani, akazinyoosha kingo kwa kidole.

Mpaka Mama Meno alipokaa chini ndipo hesabu ikamwingia.

Alimfuata Mwenyekiti ngazini. "Mheshimiwa, umesahau mwenza wangu."

"Sijasahau, mama. Nyinyi ni kanda moja. Mtaa mmoja, meza moja, na zamani, usinikasirikie, kitanda kimoja. Tukiwapeleka wote wawili, watu watasema nini?"

"Watasema tumeshinda. Briji inachezwa wawili wawili."

"Na mtakuwa wawili wawili! Sita gawanya kwa mbili, si tatu?"

"Lakini si wawili wowote tu. Umechukua nusu ya kila jozi."

"Mama Meno, nisikilize." Alimshika bega. "Kwenye mpira, kipa anatoka kaskazini, beki anatoka kusini, na wanacheza. Karata zenyewe ni hamsini na mbili nchi nzima, au nyie huku mna zenu?"

"Mheshimiwa, ukienda kununua viatu ukapewa vya kushoto sita kutoka maduka sita..."

"Vitakuwa vimewakilisha maduka yote," Mwenyekiti alisema, akacheka mwenyewe, akashuka.

Lililomkera zaidi ni kwamba malalamiko ya zile kanda yalikuwa ya kweli. Mchujo ulifanyika ukumbini kwao tu, na tangazo lilibandikwa mlangoni kwao tu, juu ya duka la vioo, kana kwamba mtu wa kanda ya mbali angelisoma kwa darubini. Dawa ilikuwa kupeleka mchujo kila kanda. Dawa hiyo ilihitaji kazi. Kupasua jozi katikati kulihitaji kalamu tu, na kalamu Mwenyekiti alikuwa nayo.

Jumapili alimkuta Fundi Lifti kwenye jengo la bima, ameketi ukingoni mwa shimo la lifti, miguu inaning'inia, anakula mkate.

"Nisiende?" alimwuliza.

"Nenda."

"Sema kweli, Baba Binti."

"Kweli gani? Nimesema nenda. Umengoja miaka ishirini na mitatu. Mimi huku nina lifti ya ghorofa tisa, inagoma kwenye saba kila siku. Nenda, mama."

Alikuwa akitafuna. Hakumtazama. Mezani mtu huyu hakuwahi kutoa mwito asiokuwa na karata zake, hata mara moja katika miaka yote ile, na Mama Meno aliamua kwamba na hapa ni hivyohivyo. Ilimfaa kuamua hivyo. Alimshukuru, akaenda kununua sanduku la safari.

Mwenza mpya aliyepangiwa alikuwa Daktari wa Ng'ombe kutoka kanda ya mbali, mwanamume mrefu, mpole, mwenye mikono iliyonuka dawa ya kuogeshea mifugo hata baada ya sabuni mbili. Kumbe ndiye aliyekuwa akiandika barua za malalamiko Wizarani kwa miaka sita.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenitendea haya," Mama Meno alimwambia siku ya kwanza, kwenye chumba cha mikutano walichopewa, chenye feni iliyokuwa ikitikisa kichwa kama inayosema hapana.

"Mimi niliomba mchujo, shangazi. Niliomba watuletee mchujo. Nilicheza na kaka yangu tangu tukiwa wadogo, tunachunga tunacheza. Wamenijibu kwa kunichukua mimi na kumwacha yeye." Akajikuna kidevu. "Kaka hajanisemesha tangu Jumanne barua ilipotufikia."

Mama Meno alitaka kumchukia, akakosa pa kushika.

Wakapewa wiki tatu. Alimletea zile kurasa mia na arobaini, naye akazichukua kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Kila siku baada ya kazi walikaa chini ya feni ile, Mama Meno akigawa karata, Daktari akijaribu miito. Alikuwa akikosea, anasema "Samahani, shangazi," anaandika, anarudia. Hata ndani ya basi alisoma. Binti alipita siku moja kuwaona.

"Mama, huyu anasoma kuliko mimi nilivyosoma unesi."

"Kukariri si kujua," Mama Meno alisema, na akasema mbele yake.

Daktari aliinamisha uso kwenye daftari. Masikio yake yakabadilika rangi.

Mashindano yalikuwa kwenye hoteli yenye zulia zito, wachezaji wa nchi arobaini wakitembea kimyakimya kama wagonjwa wanaoheshimiana. Mwenyekiti alikuja na ujumbe wa watu saba kuiangalia timu ya watu sita. Alipiga picha na bendera, akapiga picha na kikombe ambacho hakikuwa chao, kisha akauliza uwanja uko wapi.

Timu ilichapwa siku ya kwanza, ikachapwa siku ya pili. Jozi moja iliacha kusemeshana. Katika jozi nyingine mama mmoja alianza kumwita mwenza wake "huyu bwana" mbele yake. Mama Meno na Daktari ndio waliokuwa na nafuu, maana walikuwa wakishindwa kwa adabu.

Siku ya tatu walikutana na mabibi wawili kutoka nchi ya baridi, wenye masweta ya kufanana. Katika ugawaji wa kumi na moja Mama Meno akainua karata zake, moyo ukapiga kelele. Kopa saba kuanzia ree na mfalme, ree ya shupaza, karata za uru hana hata moja. Mkono wa namna hiyo unaweza kukaa mezani miaka kumi usiuone. Daktari akafungua kwa mwito wa nguvu. Palikuwa na ushindi mkubwa pale, ule wa kuchukua mapigo yote kumi na matatu, ila lazima kwanza umwulize mwenza swali moja. Swali hilo lilikuwa ukurasa wa tisini na nne. Yeye na Fundi Lifti walikuwa wamelibishania miezi minane.

Alinyoosha mkono kwenye kisanduku cha kadi za miito. Akausimamisha.

Je, kama amesahau? Je, kama akidhani ni mwito mwingine, akapita, tukabaki tumening'inia hapa mbele ya mabibi hawa? Alimtazama Daktari. Daktari alikuwa ametulia, macho kwenye kitambaa cha meza, kama sheria inavyotaka. Angekuwa Fundi Lifti pale asingefikiri. Mkono ungeenda wenyewe.

Alichukua mwito mwingine, mdogo, wa usalama. Daktari akapita. Wakacheza, wakachukua mapigo yote kumi na matatu, wakapata alama za watu waliolenga kumi. Kwenye meza ya pili, ambako karata zilezile huchezwa na wengine wa timu hizohizo mbili, wenzao wa wale mabibi waliita yote na kuyapata yote.

Walipotoka nje kunyoosha miguu Daktari alisema, "Shangazi, kwa nini hukuuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Ukurasa wa tisini na nne. Niliona ukisita. Ningejibu. Ree mbili, na mfalme wa pau." Alisema bila lawama, jambo lililomuumiza zaidi. "Ule ukurasa nauota."

Mmoja wa mabibi alipita, akasimama, akawauliza kwa upole wamecheza pamoja muda gani.

"Wiki tatu," Daktari alijibu.

"Sisi miaka arobaini na moja," bibi alisema. "Na bado simpendi." Akacheka, akaenda kwa mwenzake aliyekuwa amemshikia koti.

Nchi arobaini, wao wa arobaini. Kwenye uwanja wa ndege Mwenyekiti aliwaambia waandishi kwamba nafasi si muhimu, muhimu ni kwamba kwa mara ya kwanza taifa zima limeshindwa kwa pamoja. Maneno hayo yaliandikwa gazetini yalivyo, bila mtu kutabasamu.

Mama Meno aliketi mezani kwake, akasukuma taya za jasi pembeni, akaandika ripoti. Aliandika kurasa nne, na hakumpaka mtu mafuta. Aliandika kwamba haki si kuchukua kipande kutoka kila kanda, kwamba mchujo upelekwe kila kanda, watu wapewe mwaliko kwa maandishi na nafasi sawa, na jozi itakayoshinda ichukuliwe nzima, hata kama wote wawili ni wa mtaa mmoja, hata kama wote ni wanawake, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Aliipeleka Wizarani kwa miguu yake. Waziri, aliyekuwa ameulizwa bungeni kuhusu ile nafasi ya arobaini, alihitaji sana karatasi ya kushika mkononi. Baada ya miezi miwili kila neno lilikubaliwa, na Mwenyekiti akalitangaza jukwaani kama wazo lililomjia akioga.

Siku hiyo Mama Meno alimfuata Fundi Lifti kwenye dirisha la ukumbi kwa furaha.

"Umesikia? Jozi nzima! Mwezi wa sita mchujo. Tuanze Jumamosi hii."

"Jumamosi hii nimeahidi."

"Ijayo basi."

"Na ijayo." Alikuwa akifuta grisi kwenye kucha kwa kitambaa. "Nacheza na Karani wa Mahakama. Yule mama wa meza ya nne. Tulianza ulipokuwa na yule daktari wako chini ya feni."

"Si ilikuwa ya muda tu?"

"Ilikuwa."

"Ulisema niende! Nilikuja mpaka kwenye shimo lako, nikakuuliza, ukasema nenda!"

"Nilisema. Na ungeniuliza mara kumi ningesema mara kumi, maana ilikuwa haki yako. Sikuwa na kinyongo na safari, Mama Binti." Akakunja kitambaa. "Ulisimama. Alisoma jina lako, ukasimama, ukashukuru, ukacheka. Mimi nilikuwa mbele yako pale, bado ninangoja la pili. Hukungoja hata asome la pili."

"Ilikuwa nukta moja tu!"

"Ndiyo. Mbili, labda."

"Kwa hiyo talaka ulinisamehe, hii hunisamehe?"

Fundi Lifti alifikiri. Alifikiri kweli, uso ukakunjamana kama anayesikiliza kamba inayolia juu ya shimo. "Ile haikuniuma sana," alisema.

Daktari wa Ng'ombe alirudi kwa kaka yake, wakapatana, wakaandika barua ya shukrani kwa mwandishi wa ripoti. Yule mama wa "huyu bwana" alirudi kwa mdogo wake. Nusu zote sita zilirudi kwa nusu zao, isipokuwa moja. Mama Meno aliuliza ukumbi mzima. Kila mtu alikuwa na mtu. Wakili mwenye majivuno alimjibu kwa furaha isiyofichika kwamba sheria mpya ni nzuri mno, imewafanya watu kuwathamini wenza wao.

Mwezi wa sita ukaingia. Aliyebaki bila mwenza kama yeye, katika kanda nzima, alikuwa Mwenyekiti. Baada ya kuulizwa na gazeti moja kama anaujua mchezo anaouongoza, alikuwa ameamua kuujua.

"Mimi na wewe, Mama Meno," alisema, akimpigapiga mgongoni. "Uzoefu na uongozi!"

Raundi ya pili walipangwa dhidi ya Fundi Lifti na Karani wa Mahakama. Karani alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, anayepanga kalamu zake kwa urefu. Mwenyekiti alishika karata zake kama kipepeo cha ukili, zote zikionekana mpaka meza ya jirani. Fundi Lifti aligeuza uso upande, asizione. Katika hilo hakubadilika.

Fundi Lifti akatoa mwito. Karani akajibu. Fundi Lifti akatoa wa pili, na huo Mama Meno hakuwahi kuuona. Haukuwa kwenye kurasa mia na arobaini. Miaka mitano ya mwisho alikuwa amemsihi waongeze japo mwito mmoja mpya, naye akakataa katakata: yaliyopo yanatosha, mama, tutachanganyikiwa.

Zamu yake ilikuwa imefika. Alikuwa na haki ya kuuliza, na wa kujibu ni mwenza wa aliyeita.

"Mwito huo una maana gani?" alimwuliza Karani.

Karani alivua miwani. Alieleza kwa sauti safi ya mahakamani, hatua kwa hatua: kwamba mwenza wake anaonyesha ana karata chache za aina moja, anakubali turufu, na anaacha uamuzi kwake. "Tuliutunga wenyewe," aliongeza, akamtazama Fundi Lifti kidogo, "mwezi wa tatu."

Ulikuwa mwito mzuri. Mama Meno aliuzungusha kichwani akitafuta ufa, hakuuona. Ulikuwa umekaa kama jino lililochongwa na mtu anayejua kazi.

"Asante," alisema, akapita.

Karani akatoa mwito mkubwa, wa mapigo kumi na mawili. Mwenyekiti alitazama karata zake, akatazama dari, akamwinamia Mama Meno juu ya meza kwa ile sauti yake ya kisima.

"Hapo sasa," alisema, "mimi nafanyaje?"

Sheria haimruhusu mwenza kujibu.